Lusanga: Wafanyakazi wa mashamba ya michikichi wanaoikomboa ardhi kwa sanaa

Katika jimbo la Kwilu, magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali mto Kwenge unapoungana na mto Kwilu, upo mji mdogo uitwao Lusanga. Kwa miaka mingi mji huo ulijulikana duniani kwa jambo moja tu, mafuta ya mawese. Leo unajulikana pia kwa sanamu zake. Wakulima na watu waliowahi kufanya kazi katika mashamba makubwa ya michikichi wameunda kundi la sanaa ambalo kazi zake zimeonyeshwa New York, Amsterdam na Venice. Fedha zinazotokana na kazi hizo hutumika kununua ardhi ambayo babu zao waliipoteza zaidi ya karne moja iliyopita.

Jina rasmi la kundi hilo ni la Kifaransa, Cercle d'Art des Travailleurs de Plantation Congolaise, yaani Mduara wa Sanaa wa Wafanyakazi wa Mashamba Makubwa ya Kongo. Kwa kifupi huitwa CATPC. Liliundwa mwaka 2014. Ili kulielewa, ni lazima kwanza kuielewa ardhi ambayo wanachama wake wanaishi juu yake.

Mji uliozaliwa na sabuni

Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala Kongo, ilitia saini mkataba na kampuni ya Kiingereza ya Lever Brothers. Mwenye kampuni hiyo, William Lever, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Leverhulme, alikuwa ametajirika kwa sabuni ya Sunlight na alihitaji mafuta mengi ya kuitengenezea. Mkataba ulimgawia maeneo matano yenye umbo la duara, kila moja likiwa na nusu kipenyo cha kilomita 60. Ndani ya maduara hayo kampuni yake mpya, Huileries du Congo Belge, iliruhusiwa kuchagua ardhi ya michikichi hadi kufikia jumla ya hekta 750,000.

Lusanga ilikuwa makao ya mojawapo ya maeneo hayo. Wakoloni waliubadilisha jina mji huo na kuuita Leverville, mji wa Lever. Vikajengwa viwanda vya kukamulia mafuta, bandari ya mtoni, nyumba za mameneja na hospitali.

Katika maeneo mengi michikichi haikupandwa na kampuni. Ilikuwa imeota yenyewe au kutunzwa na wenyeji kwa vizazi vingi, na wenyeji ndio waliojua kuikwea. Wakwezi walipanda kwa mshipi kiunoni na panga mkononi, wakakata mikungu ya matunda, kisha wanawake na watoto wakaibeba hadi vituo vya kupokelea. Mkazi wa Kigoma anayejua jinsi mawese yanavyopatikana hatahitaji maelezo zaidi kuhusu ugumu wa kazi hiyo. Tofauti ni kwamba katika Leverville mkwezi hakuchagua siku ya kukwea, wala hakupanga bei. Mwanahistoria wa Kibelgiji Jules Marchal, ambaye aliwahi kuwa mtumishi wa utawala wa kikoloni na baadaye balozi, aliandika kitabu kizima kuhusu kazi za shuruti katika mashamba hayo, akitumia nyaraka za serikali ya kikoloni yenyewe.

Mwaka 1929 Lever Brothers ilikubali kuungana na kampuni ya Kiholanzi ya Margarine Unie, na muungano huo ukazaa Unilever. Sehemu ya utajiri wa sabuni ilielekezwa katika sanaa. Mwaka 1922 Lever alifungua jumba la sanaa lenye jina la marehemu mke wake, Lady Lever Art Gallery, katika kijiji cha Port Sunlight nchini Uingereza. Miaka mingi baadaye, kati ya mwaka 2000 na 2012, Unilever ilifadhili maonyesho makubwa ya kila mwaka katika jumba la Tate Modern jijini London. Lusanga, ambako sehemu ya utajiri huo ilianzia, haikuwa na jumba lolote la sanaa.

Uasi wa mwaka 1931

Mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika Kwilu, bei ya matunda ya chikichi ilianguka na malipo ya wakwezi yakaanguka pamoja nayo. Kodi ya kichwa haikupungua kwa kadiri hiyo. Watu wa kabila la Wapende, ambao walikuwa miongoni mwa waliolazimishwa kukwea michikichi, walianza kukataa kazi na kodi. Mwezi Juni mwaka 1931 ofisa wa kikoloni Maximilien Balot alikwenda katika eneo lao na akauawa huko.

Utawala ulijibu kwa kutuma askari. Idadi ya Wapende wanaotajwa kuuawa katika operesheni hiyo ni watu wasiopungua 500. Uasi huo haufahamiki sana nje ya Kongo, lakini katika vijiji vya Kwilu umebaki katika masimulizi ya wazee.

Kitu kimoja cha wakati huo kilibaki pia. Wapende walichonga kinyago cha mti kinachomwonyesha Balot. Kwa imani yao, kinyago hicho kiliifunga roho ya ofisa aliyeuawa ili ghadhabu yake isiwadhuru tena, bali iwatumikie wale aliowatesa. Mwaka 1972 msomi wa Kimarekani Herbert Weiss, aliyekuwa amefanya utafiti kuhusu siasa za Kwilu wakati wa harakati za uhuru, alikinunua kinyago hicho. Mwaka 2015 kiliingia katika mkusanyiko wa jumba la makumbusho ya sanaa la Virginia, lililoko mji wa Richmond nchini Marekani. Kwa hiyo, wakati kundi la Lusanga linaanza kujulikana, kinyago hicho kilikuwa mbali kabisa na watu waliokichonga.

Kuundwa kwa kundi

Chanzo cha CATPC kinahusishwa na mtu mwenye utata, msanii na mtengeneza filamu wa Kiholanzi Renzo Martens. Filamu yake ya mwaka 2008, iliyotengenezwa Kongo na kuitwa Enjoy Poverty, ilidai kwamba umaskini wa Wakongo ni bidhaa inayowanufaisha wapiga picha na mashirika ya kigeni kuliko Wakongo wenyewe. Filamu hiyo ilimpa sifa na lawama kwa pamoja. Baadaye alianzisha taasisi aliyoiita Institute for Human Activities na kurudi Kongo akitaka kujua kama sanaa inayozungumzia dhuluma inaweza kuacha faida yake mahali dhuluma ilipotokea. Jaribio la kwanza, lililofanyika katika shamba kubwa kaskazini mwa nchi, liliishia kwa kufukuzwa. Ndipo shughuli zikahamia Lusanga.

Hata hivyo, kundi lenyewe ni la Wakongo. Rais wake ni René Ngongo, mwanabiolojia mzaliwa wa Goma na mtetezi wa siku nyingi wa misitu ya Kongo, ambaye mwaka 2009 alipewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo. Wasanii kutoka Kinshasa, akiwamo mchoraji Mega Mingiedi, walishiriki katika warsha za mwanzo. Wanachama wengi ni wakulima na wafanyakazi wa mashamba ya Lusanga na vijiji vya jirani, wanawake kwa wanaume. Miongoni mwa wale ambao majina yao yamejulikana katika maonyesho ni Ced'art Tamasala, Matthieu Kasiama, Mbuku Kimpala, Irene Kanga na Jean Kawata.

Wengi wao hawakuwa wamesomea sanaa. Walichokuwa nacho ni udongo wa kandokando ya mto, ustadi wa mikono na mambo mengi ya kusimulia.

Kutoka udongo hadi chokoleti

Namna kazi za CATPC zinavyotengenezwa ni sehemu ya ujumbe wake. Mchongaji hufinyanga sanamu kwa udongo wa Lusanga. Sanamu za udongo mbichi hazivumilii safari ndefu, kwa hiyo hupigwa picha za kidijitali kutoka pande zote. Picha hizo hutumwa kwa intaneti hadi Amsterdam, ambako mashine huchapisha umbo lilelile na kutengeneza kalibu yake. Ndani ya kalibu humiminwa chokoleti, au mchanganyiko wa kakao na mafuta ya mawese, na sanamu huzaliwa upya.

Mali ghafi hizo hazikuchaguliwa kwa ajili ya utamu. Kakao, kama mawese, ni zao lililoenea Afrika kupitia mashamba makubwa, linalochumwa na watu wenye kipato duni na kuliwa kwa wingi Ulaya. Aidha, Amsterdam ni miongoni mwa bandari kubwa zaidi duniani za kupokelea kakao. Mtazamaji anayesimama mbele ya sanamu husikia harufu ya chokoleti kabla hajajua kinachosimuliwa, na kinachosimuliwa mara nyingi ni kichungu.

Baadhi ya sanamu ni picha za wachongaji wenyewe au za wazazi wao. Nyingine ni hadithi. Jérémie Mabiala na Djonga Bismar walishirikiana kuchonga sanamu ya mkusanyaji wa kazi za sanaa. Ced'art Tamasala alichonga kisa cha namna babu yake alivyonusurika katika enzi za wamisionari na mashamba. Irene Kanga alichonga ukatili aliofanyiwa mwanamke wa Kipende, tukio linalokumbukwa kuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha moto wa uasi wa 1931. Ni mambo ambayo katika familia nyingi yalisemwa kwa kunong'ona, na sasa yanaonekana hadharani.

Maonyesho yaliyolifungulia kundi hilo milango yalifanyika mwanzoni mwa mwaka 2017 katika jumba la SculptureCenter, New York. Tangu hapo sanamu zake zimenunuliwa na majumba ya makumbusho na wakusanyaji binafsi katika nchi kadhaa.

Fedha zinakokwenda

Swali ambalo msomaji yeyote wa Afrika Mashariki angeuliza ni lile lile linaloulizwa katika vijiji vya wachonga vinyago vya Kimakonde na katika ushirika wa wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam, uliosajiliwa mwaka 1990: msanii anabakiwa na nini? Mara nyingi kazi huuzwa kwa bei ndogo mahali inapotengenezwa, na thamani yake hukua baada ya kuvuka bahari.

CATPC imejaribu kulijibu swali hilo kwa kuiweka ardhi mbele ya kila kitu. Mapato ya mauzo huwafikia wanachama, lakini sehemu muhimu hutumika kununua ardhi ya mashamba ya zamani. Kufikia wakati wa maonyesho ya Venice ya mwaka 2024, kundi lilieleza kwamba limepata takriban hekta 200.

Ardhi hiyo haikuwa katika hali nzuri. Kilimo cha zao moja kwa miongo mingi huuchosha udongo na kuondoa miti, ndege na maji. Unilever ilipoondoka katika eneo hilo iliacha michikichi iliyozeeka, majengo yaliyochakaa na watu wasio na ajira. Wanachama wamepanda miti ya matunda, mazao ya chakula, kakao na miti ya misitu kwa pamoja, kwa utaratibu wa kilimo mseto. Lengo ni kwamba familia zipate kwanza chakula, halafu ziada ya kuuza, na hatimaye kivuli cha msitu kirudi. Mchango wa Ngongo, mtu wa misitu kuliko wa sanamu, unaonekana wazi hapa. Kwake na kwa wenzake, mti unaopandwa Lusanga ni sehemu ya kazi ile ile ya sanaa inayosimama New York.

Ukubwa wa mafanikio hayo unapaswa kupimwa kwa uangalifu. Hekta 200 ni ardhi ya kutosha kubadilisha maisha ya familia kadhaa. Zikilinganishwa na hekta 750,000 zilizotajwa katika mkataba wa 1911, ni kama kisima kando ya ziwa.

Jengo jeupe katikati ya michikichi

Mwezi Aprili mwaka 2017 lilizinduliwa jengo ambalo limekuwa alama ya Lusanga. Lilisanifiwa na ofisi ya wasanifu majengo OMA ya Uholanzi, iliyoanzishwa na Rem Koolhaas pamoja na wenzake. Linaitwa White Cube, yaani mchemraba mweupe, jina ambalo watu wa sanaa hulitumia kwa chumba cha maonyesho chenye kuta tupu zilizopakwa rangi nyeupe, kama vile vilivyojaa Ulaya na Marekani. Safari hii chumba hicho kimesimama kwenye ardhi ya shamba la zamani la Unilever, kikizungukwa na michikichi na bustani za mihogo.

Wazo la jengo hilo ni la kisiasa. Ikiwa mashamba yalisaidia kugharimia majumba ya sanaa ya ughaibuni, basi jumba la sanaa linaweza kugharimia ukombozi wa mashamba. Historia ya ujenzi wake na ya kundi lenyewe imesimuliwa katika filamu ya Martens ya mwaka 2020, iliyopewa jina la jengo hilo.

Safari ya kinyago cha Balot

Kwa wanachama wa CATPC, jumba la sanaa lisilo na kinyago cha Balot lilikuwa na pengo. Tamasala na Kasiama walichukua jukumu la kukifuatilia, na ufuatiliaji huo ulirekodiwa katika mfululizo wa filamu fupi. Kundi liliomba kinyago kiletwe Lusanga kwa mkopo, lakini ombi hilo halikupata jibu lililotarajiwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 kundi lilichukua hatua iliyowashangaza wengi. Lilitumia picha ya kinyago hicho kutengeneza hati za kidijitali zinazouzwa kwa intaneti, na kutangaza kwamba mapato yatanunua ardhi. Jumba la makumbusho la Virginia halikufurahishwa, likiona kwamba picha yake imetumika bila ridhaa na kwamba uaminifu kati ya pande mbili umevunjwa. Hoja ya kundi ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kuijibu. Kinyago kilichongwa ili kulinda watu na ardhi yao. Kama chenyewe hakiwezi kurudi, basi angalau picha yake ifanye kazi hiyo.

Mabadiliko yalikuja na maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice ya mwaka 2024. Uholanzi iliikabidhi CATPC, pamoja na Martens na msimamizi wa maonyesho Hicham Khalidi, banda lake la taifa. Sanamu za Lusanga zikajaa katika banda hilo kuanzia Aprili hadi Novemba. Kwa kipindi hicho hicho, jumba la Virginia lilikubali kuliazima kundi kinyago cha Balot. Hakikupelekwa Venice. Kilipelekwa Lusanga na kuwekwa ndani ya White Cube, na wageni wa Venice walikiona kwa njia ya video iliyorushwa moja kwa moja kutoka Kongo.

Mpangilio huo uligeuza mazoea ya muda mrefu. Kwa kawaida ni Mwafrika anayelazimika kutazama picha ya urithi wake uliowekwa katika kabati la kioo ng'ambo. Mwaka huo mzungu wa Venice ndiye aliyetazama picha, na mkazi wa Lusanga ndiye aliyesimama mbele ya kinyago chenyewe. Ulikuwa mkopo, si marejesho, na umiliki haukubadilika.

Hoja za wakosoaji

Mradi wa Lusanga haujakosa wapinzani. Baadhi ya wahakiki wa sanaa wanauliza kwa nini sauti za wakulima wa Kongo zilihitaji kupitishwa na Mzungu ndipo zisikike. Wengine wanatilia shaka jengo jeupe la kisasa katika mji wenye mahitaji mengi ya msingi. Wapo pia wanaohofia kwamba soko la sanaa hupenda jambo jipya na kulichoka upesi, na kwamba siku wanunuzi wakigeuka, ununuzi wa ardhi utasimama.

Hoja hizo zina uzito, na wanachama hawazikwepi. Katika miaka ya karibuni wao wenyewe ndio wamekuwa wakizungumza kwa niaba ya kundi, na jina la Martens limeanza kurudi nyuma. Wamekuwa wakiyataka majumba ya makumbusho ya nchi za magharibi yakiri deni lao kwa mashamba yaliyoyagharimia, si kwa kuonyesha kazi za Waafrika peke yake, bali kwa kusaidia ardhi irudi kwa waliofanya kazi juu yake.

Kinachobaki

Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mambo yake si ya ugenini tena kwa wakazi wa ukanda huu. Mjadala kuhusu mali za urithi zilizoko Ulaya unaendelea pia Tanzania, Kenya na Uganda. Mara nyingi mjadala huo huishia katika mazungumzo ya serikali na serikali, au makumbusho na makumbusho. Lusanga imeleta upande wa tatu, yaani watu wa kijiji ambako kitu kilichongwa, wakiwa na orodha yao ya madai na ardhi wanayoweza kuionyesha kwa kidole.

Kinyago cha Balot bado ni mali ya jumba la Richmond. Sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa ya Leverville bado haijarudi mikononi mwa wanakijiji. Lakini katika hekta zile ambazo tayari zimenunuliwa, miti iliyopandwa na wachongaji inaendelea kukua, na anayeikwea leo anakwea mti wake mwenyewe.